Gramafoni za Wake Zangu Wawili

Nilikuwa na wake wawili kabla sijaoa. Mkubwa alikuwa bibi yangu mzaa mama, na mdogo alikuwa mke mwenza wake. Kwetu pwani bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", mjukuu hujibu "naam, mke wangu", watu wakacheka na utani ukaishia hapo. Wangu haukuishia hapo. Babu alipofariki aliacha nyumba moja Kariakoo, wajane wawili ndani yake, na mimi, mjukuu pekee wa kiume niliyekuwa nikiishi mjini. Basi yote aliyokuwa akilaumiwa babu alipokuwa hai yakahamia kwangu, kuanzia paa lililovuja hadi nani kaletewa samaki mkubwa kuliko wa mwenziwe.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa fundi. Nilitengeneza cherehani na gramafoni kwenye baraza ya nyumba hiyo hiyo, si mbali na soko. Niseme mapema kwamba nilikuwa fundi mzuri, maana sipendi watu wanaojidai wanyenyekevu wakisubiri wengine wawasifie. Nilikuwa pia mwepesi wa hasira, hasa mtu aliponifundisha kazi yangu, na katika habari hii nilifundishwa kazi yangu na vikongwe wawili mchana kweupe.

Wajane hao walikaa vyumba vya uani. Bibi Mkubwa alikuwa upande wa kulia, Bibi Mdogo upande wa kushoto, milango ikitazamana, na katikati palikuwa na jiko ambapo wanawake wa nyumba ile walipikia. Hawakusemezana. Chanzo cha ugomvi sikukijua vizuri. Bibi Mkubwa alisema kilikuwa sufuria, Bibi Mdogo alisema sufuria haikuwa na neno, neno lilikuwa lile lililosemwa juu ya sufuria. Babu alijaribu kuwapatanisha, akashindwa, na kwa kuogopa lawama akawanunulia gramafoni mbili zilizofanana hata mikwaruzo. Nadhani alitumaini muziki ungewatuliza.

Muziki uliwapa silaha. Mtu wa pwani anajua kwamba wimbo wa taarabu hauimbwi hewani tu, una mwenyewe, na mwenyewe akiusikia anajijua. Bibi Mkubwa akiamka na kinyongo aliweka santuri ya mgeni asiyejua kuaga. Bibi Mdogo alijibu kwa ile ya mwenye wivu anayekesha akihesabu mapaa ya wenzake. Wanawake wa jikoni waliacha kukuna nazi, wakajifunika khanga midomoni, wakasikiliza nani kamkata mwenzake maini. Ugomvi ulipendwa. Kuna majirani waliokuwa wakija kuazima moto na wakakaa mpaka jibu litoke.

Tabu ilianza macho ya Bibi Mkubwa yalipoingia mtoto wa jicho, na vidole vyake vikajikunja kwa baridi yabisi. Hakuweza tena kuzungusha hendeli, wala kuweka sindano, wala kujua santuri ipi ni ipi. Binamu yangu mmoja, msichana mkubwa, ndiye aliyekuwa akimwekea. Bibi aliita kwa sauti, binamu akatoka jikoni akapita uani akijikaza asicheke, akaingia na kuweka. Kisha binamu akaolewa, akahamia Magomeni, na vita vikakosa mpiga risasi. Baada ya hapo Bibi Mkubwa alimtegemea yeyote aliyepita. Hadi apatikane mtu, hadi aelezwe, hadi santuri ionekane, jibu lilitoka limepoa kama uji wa jana.

Siku iliyoharibu kila kitu ilikuwa mchana mmoja ambapo hakukuwa na mtu nyumbani isipokuwa wanawake wa jikoni, ambao kwa desturi hawakuingilia upande wowote. Bibi Mdogo alikuwa ameweka wimbo wa chungu kilichotoboka ambacho bado kinataka kuinjikwa. Lilikuwa tusi zito. Bibi Mkubwa akaita, akaita tena, na aliyekuja ni Mchaga wa dukani.

Huyu alikuwa mpangaji wetu wa chumba cha mbele, Mkristo kutoka Kilimanjaro, aliyeuza sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Alikuwa mtu mwema ambaye hadi siku hiyo alidhani bibi zangu wanapenda tu muziki. Aliacha mizani yake, akaja akijipangusa mikono. Bibi akamwambia aweke ile yenye mfuko uliochanika. Mifuko yote ilikuwa imechanika. Mchaga akachagua mmoja, akazungusha hendeli kwa nguvu zake zote za mlimani, akaweka wimbo wa kumsifu bibi harusi siku anapotolewa nje.

Ulipigwa wote. Bibi Mkubwa alipapasa kuutafuta mkono wa gramafoni auinue, akapapasa ukuta. Mchaga alisimama kifua mbele, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Wimbo mzuri huu, bibi." Huko jikoni wanawake walishindwa kujizuia, wakapiga vigelegele. Bibi Mdogo alitokeza mlangoni mwake, akawatazama, akajifunika khanga kichwa chote kama mwari, akaketi kizingitini na kuinamisha uso kwa haya.

Mimi niliporudi kutoka sokoni nilimkuta Bibi Mkubwa amekaa kwenye benchi langu, katikati ya cherehani za watu, fimbo magotini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Nitengenezee gramafoni niiendeshe mwenyewe."

Nikamwambia kazi hiyo haipo. Gramafoni zinatengenezwa Ulaya, mimi nabadilisha springi tu.

"Sikiliza," akasema. "Siku zangu zilizobaki sizijui. Sitaki kufa yule mwanamke ananidai jibu. Na sitaki jibu langu lipitie mikono ya watu. Leo nimemsifu uzuri wake, mimi! Uani kwangu! Kwa mkono wa Mchaga!"

Nilikuwa nimezoea kumwona akikasirika, sikuwa nimezoea kumwona akiona aibu, na jambo hilo lilinichoma. Mchaga alikuwa amesimama mlangoni mwa duka lake kaduwaa, naye akajaribu kusaidia.

"Kwetu, bibi, ukigombana na mtu mnaitwa kwa wazee, mnasema, mnamaliza."

"Mkishamaliza," akamuuliza Bibi Mkubwa, "jioni mnafanya nini?"

Mchaga akarudi kwenye sukari yake.

Basi nikashika kazi. Gramafoni ya kwanza niliyomtengenezea ilikuwa nzuri sana. Nilipiga vanishi mpya, nikaandika namba kubwa nyekundu kwenye kila santuri, nikabandika kioo kwenye kifuniko. Sijui kioo kilikuwa cha nini. Nadhani kilikuwa changu, nijione nilivyo fundi. Bibi alipitisha kiganja juu yake taratibu, akasema, "Laini. Haya, sasa hii ni ya nani?"

"Yako, bibi."

"Mimi sioni vanishi, mume wangu. Namba sikuzijua hata nilipokuwa naona. Na hendeli ni ile ile, inaniuma vile vile."

Nikapandisha sauti. Nikamwambia mimi ndiye fundi, na Kariakoo nzima wananijua. Akanijibu kwa upole kwamba anakubali mimi ni fundi, lakini vidole ni vyake. Niliibeba gramafoni nikaenda nayo barazani nikinuna, na nikanuna hadi nilipoanza kuitazama upya, maana maneno yake yalikuwa ya kweli na hakuna kitu kinachonikera zaidi ya hicho.

Nikaanza na hendeli. Nikarefusha chuma chake ili iwe nyepesi, nikachonga kipini kinene cha mti kinachoshikika kwa kiganja kizima bila kukunja vidole. Kisha mkono wa sindano. Kwa kuwa hakuona mwanzo wa wimbo, nilipinda waya nikatengeneza kijia pembeni, mkono ukisukumwa unateleza juu yake na kushuka wenyewe kwenye ukingo wa santuri. Sindano zenyewe zilikuwa balaa, ndogo, na kila baada ya nyimbo chache zilitaka kubadilishwa. Nilizichomeka kwenye kipande cha sabuni ya mche, ncha chini, vichwa juu, asijichome. Nikaondoa skrubu ya kuzibana nikaweka ya cherehani yenye masikio mapana. Tangu hapo chumba cha Bibi Mkubwa kilinukia ufuaji kila alipotaka kugombana.

Ikabaki kuzitambua santuri. Nilijaribu gundi yenye mchanga, nikajaribu shanga, zikadondoka. Bibi akachoka na mimi. Akaingiza mkono kwenye sanduku lake la nguo, akatoa vipande, akaanza kuvitaja kwa kuvisugua kati ya vidole vile vile vilivyojikunja. Hii marekani, hii bafta, hii kaniki, hii hariri ya harusi yangu. Hakukosea hata kimoja. Tukagundisha kila kipande kwenye mfuko wa santuri yake, yeye akipanga na mimi nikipaka gundi. Wimbo wa bibi harusi ukapewa hariri, tena akauweka chini kabisa. Nyimbo za kuchokoza zikapewa kaniki. Na ule wimbo alioutegemea kuliko zote, wa jirani aliyekaribishwa barazani akaishia kwenye kitanda cha mwenye nyumba, akaupa kipande cha gunia.

Siku ya kwanza aliuweka ule wa gunia peke yake, mlango umefungwa, bila kuita mtu. Nilisikia hendeli ikizunguka, mkono ukiteleza kwenye waya, na wimbo ukaanza mahali pake. Nilisimama ukumbini nikatabasamu peke yangu kama mwehu. Kutoka ndani nikamsikia akisema kwa sauti kubwa, "Ahaa!"

Nilidhani kazi imekwisha. Nilisahau kwamba nina wake wawili.

Kesho yake Bibi Mdogo alinifuata barazani, mkeka kwapani, akautandika mbele ya wanywaji kahawa wote wa mtaa, akaketi. Yeye alikuwa amenyooka, macho makali, mikono ya kutwanga. Akaniuliza, "Mume wangu, mimi umeniacha lini?"

Nikamwambia sijamwacha.

"Basi mke mkubwa ukimpa, na mdogo hupewa. Au sheria imebadilika sisi tukiwa jikoni?"

Wanywaji kahawa wakaweka vikombe chini. Mzee mmoja akasema hapo kijana hana pa kukimbilia, mwenye wake wawili ni sawa kwa sawa. Nikajitetea kwamba gramafoni ya Bibi Mdogo ni nzima, kwamba anaiona na anaizungusha bila tabu, kwamba hata uzi anautunga kwenye sindano kabla mimi sijaiona sindano. Haikusaidia kitu. Mzee akaniuliza kama ningemnunulia mmoja khanga na mwingine nimwambie ana macho mazuri.

Hivyo nikamtengenezea ile ile. Kipini kinene kwa mikono isiyouma, kijia cha waya kwa macho yanayoona, sabuni, masikio ya cherehani, na vipande vya nguo vyenye ukubwa ule ule. Alivikagua kimoja kimoja, akavilinganisha kwa kumtuma mtu kuchungulia kwa mwenzake, akaridhika. Mimi nilijiona kama mtu aliyeziuzia bunduki pande zote mbili, nikasubiri mlipuko.

Mlipuko haukuja. Bibi Mkubwa aliweka gunia asubuhi, akakaa akitega sikio. Upande wa pili kimya. Akaweka kaniki, kimya. Alasiri, alipokuwa amelala, Bibi Mdogo akaweka wimbo wa kuwapokea mahujaji. Kesho yake gunia tena, na jibu likaja kabla wimbo haujafika katikati, nalo lilikuwa wimbo wa mvua. Wanawake wa jikoni wakatazamana. Majirani waliokuja kuazima moto wakachukua moto kweli wakaenda zao.

Bibi Mkubwa alivumilia siku kadhaa, kisha akaanza kunyong'onyea. Chakula aligusa tu. Nilipomuuliza, aligeukia ukutani.

"Ananidharau," akasema. "Zamani alinitukana, nikajua nipo. Sasa hata kunitukana hataki. Nimepata mkono wangu mwenyewe, nimempiga barabara, na yeye anasikiliza kama anasikiliza kuku."

Nilimhurumia sana. Nikaamua kwamba tatizo ni la ufundi, kwa kuwa mimi nilikuwa nikiamini kila tatizo ni la ufundi. Labda springi ya Bibi Mdogo imelegea, gramafoni haianzi anapotaka. Nikachukua koleo nikaenda chumbani kwake. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kitini, amenipa mgongo, santuri inazunguka. Wimbo ulikuwa umekwisha zamani. Sindano ilikuwa imefika kwenye karatasi ya katikati, inakwaruza tu, kwaru, kwaru, na Bibi Mdogo anatikisa kichwa taratibu, macho amefumba, uso umejaa raha.

"Shikamoo, bibi."

Akaendelea kutikisa kichwa.

"Shikamoo, mke wangu!"

Hakugeuka hadi kivuli changu kilipompita. Akaruka. "Marahaba! Unaingia kama mwizi?"

"Wimbo umekwisha, bibi."

Akanitazama mdomo, si macho, mdomo. Kisha akatazama santuri.

"Umekwisha?" akasema. "Mimi napenda hapa mwishoni."

Nikaketi sakafuni. Nilijiuliza ni tangu lini, na ni vipi sote humo ndani hatukujua. Alipoona nimeshajua, alifunga mlango na akanieleza. Masikio yake yalianza kuziba wakati babu bado yu hai. Ngoma na mngurumo alivihisi, maneno hakuyapata. Lakini vita aliviona kwa macho. Bibi Mkubwa akiita, mtu alipita uani, na usoni mwa yule mtu aliona kama kinachokuja ni kikali. Kisha aliwatazama wanawake wa jikoni. Wakicheka kwa kujifunika, ni tusi la kawaida. Wakishika vifua, ni la kitandani. Wakipiga vigelegele, kuna mtu kakosea. Kwa nyuso hizo alijua la kujibu, na miaka yote hiyo hakuna aliyemshtukia.

"Sasa umempa mwenzangu mkono wake," akasema. "Anaweka mwenyewe huko ndani, mlango kafunga. Hakuna apitaye. Wale wa jikoni nao wamezoea, hata hawainui vichwa. Nitajuaje kama ananitukana?"

Nilikuwa nimefanya uzee kuwa kitu kimoja, kama vile vikongwe wote wameshonwa kwa kipimo kimoja. Yule asiyeona nilimpa cha kushika, na yule asiyesikia nikampa hicho hicho, tena kwa mizani.

"Nitamwambia," nikasema.

Akanikamata mkono. Ile mikono ya kutwanga. "Usithubutu. Akijua atanionea huruma. Ataniletea uji, atanisemea polepole. Yule akinionea huruma, mimi nimekwisha."

Nikaapa. Nikarudi barazani na siri hiyo, na katika wiki hizo nilifanya kazi mbovu kwenye cherehani za watu wengi.

Jaribio la kwanza lilikuwa tarumbeta. Nilikata madebe ya mafuta ya taa, nikayaunga, nikatengeneza bomba lenye mdomo mpana kama karai, nikalifunga kwenye gramafoni ya Bibi Mdogo. Tulipoiwasha, mbuzi wa jirani alikata kamba. Mchaga alikuja mbio na kijiko cha kupimia chumvi mkononi, akasema mteja kaomba sukari na yeye kasikia sabuni, na kwamba hata Jangwani pengine wanacheza. Bibi Mdogo alikuwa amekaa mbele ya mdomo wa bomba, nywele zikipepea, akaniuliza kwa upole kama nimeshaanza. Nikalivunja bomba siku hiyo hiyo.

Kisha nikaelewa kwamba sauti haitakiwi kuwa kubwa, inatakiwa iwe karibu. Kwa madereva wa malori nikapata mpira wa kuvutia petroli, nikaufua kwa sabuni hadi harufu ikapungua, nikauchomeka pale mkono wa gramafoni unapoingia sandukuni. Ncha ya pili nikaichongea kipande cha mti mwororo kinachokaa sikioni. Bibi Mdogo alikiweka, nikashusha sindano. Kisha midomo ikaanza kumcheza, na akaanza kuufuata wimbo, neno kwa neno, akichelewa kidogo tu. Aliniangalia kama vile mimi ndiye niliyeutunga.

Ila nilikuwa nimetengeneza balaa jipya. Sauti iliyoingia mpirani haikutoka tena nje. Bibi Mdogo sasa alisikiliza nyimbo zake mwenyewe kutwa, mpira sikioni, na uani hakukutoka hata ule wimbo wa mahujaji. Alizisikia santuri zake zote upya, lakini ya mwenzake haikuweza kumfikia, maana mpira haukufika ng'ambo ya uani. Kwa Bibi Mkubwa ukimya ukawa kamili.

Hakuvumilia. Siku moja asubuhi nilikuwa chumbani kwa Bibi Mdogo nikimsugulia ile ncha ya mti, maana ilimkera sikio. Nilikuwa nimeshamrudishia, amejiwekea wimbo, amekaa na mgongo mlangoni. Nikasikia fimbo ikigonga sakafu ya uani. Wanawake wa jikoni walinyamaza ghafla. Bibi Mkubwa alikuwa akivuka, mkono mmoja ukutani, na kwapani kabana santuri ya gunia.

Akasimama mlangoni. Akajisafisha koo. Halafu akaanza kumsemesha mke mwenza wake kwa mdomo wake mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona, kwa maneno aliyoyapanga bila shaka usiku na mchana. Akamuuliza kama yeye ni kinyesi cha kurukwa. Akamwambia mtu hutukanwa akajibu, hata adui wa kweli hujibu. Akamwambia kwamba tangu afe yule bwana wao, humu duniani aliyebaki wa kugombana naye ni mmoja tu.

Bibi Mdogo alikuwa akitikisa kichwa kwa raha.

Mimi katikati nilikuwa naruka kama kifaranga. Nikampungia mkono Bibi Mkubwa anyamaze, naye haoni. Nikamnong'oneza Bibi Mdogo ageuke, naye hasikii. Bibi Mkubwa akapiga hatua moja ndani, akaukanyaga mpira.

Wimbo ukakatika. Bibi Mdogo akageuka, akamwona.

Bibi Mkubwa aliinama, akaupapasa ule mpira uliokuwa chini ya mguu wake. Akaufuata kwa vidole. Ukapanda kwenye mguu wa kiti, ukapita juu ya goti, ukapanda begani, na yeye nyuma yake, taratibu, hadi vidole vikagusa kipande cha mti, na sikio. Akaviacha hapo.

"Tangu lini?" akaniuliza. Alijua nipo, nilikuwa napumua kama ng'ombe.

"Tangu babu yu hai," nikasema.

Bibi Mdogo aliona midomo yangu, akajua siri imetoka. Akajivuta khanga usoni. Alikuwa akiingoja ile huruma, mabega yameinuka kama mtu anayengoja kumwagiwa maji, na mimi nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake.

"Ala!" akasema Bibi Mkubwa. "Yaani miaka yote mimi namtukana bure? Sindano zangu zote! Masika na kiangazi! Mtu nimetukana hadi nimepofuka, kumbe hasikii?" Alikuwa amekasirika kabisa, tena hasira ya haki. Akaketi kitandani bila kukaribishwa, akaninyooshea santuri. "Iweke. Iweke vizuri, asikose hata neno."

Nikaiweka. Nikausukuma mkono wa sindano kwenye kijia cha waya, ukashuka mahali pake. Bibi Mdogo alifunua uso, akaubana mpira sikioni kwa viganja viwili. Chumbani hakukusikika kitu. Bibi Mkubwa hakuweza kuusikia wimbo wake, wala kuuona uso wa mwenzake, akawa ananiuliza mimi, "Umefika wapi? Amefika kwenye kitanda?" Nikamwambia bado. Kisha nikamwambia ndiyo, amefika. Bibi Mdogo alikuwa akisikiliza kwa makini, machozi yanamtiririka, na nilishindwa kujua kama ameumia.

Santuri ikaisha. Safari hii Bibi Mdogo alijua imeisha.

"Ndio huu?" akauliza. "Huu ndio uliokuwa ukinipigia?"

Nikamgusa Bibi Mkubwa begani, naye akaitikia kwa kichwa.

"Lakini mzuri," akasema Bibi Mdogo.

Bibi Mkubwa akapapasa gramafoni, akautafuta mpira mahali nilipouchomeka, akaung'oa. Akausogeza mdomoni, akasema ndani yake:

"Mzuri, ndiyo. Wewe ni mtu wa kupigiwa mbaya?"